Kalavati la Njia ya Mnero

Kornel aliila Likunja kabla sisi wengine hatujafika hata Mnero. Aliiokota katikati ya mkeka, akaipuliza vumbi lisilokuwepo, akaitupa mdomoni na kuitafuna taratibu huku akinitazama mimi. "Likunja ina chumvi, shemeji," alisema. Mke wangu Dionisia alicheka mpaka akajishika ubavu. Binti yetu Goreti alichota korosho nyingine kwenye bakuli akaiweka palepale ilipokuwa ile iliyoliwa, kwa sababu bila Likunja safari yetu ingekatika katikati.

Ndivyo tulivyokuwa tukiipanga. Mkeka ulikuwa wilaya mbili, Nachingwea yetu na Ruangwa ya wenzetu. Ukili mwekundu uliopita katikati ulikuwa barabara, na kila korosho ilikuwa mahali pa kusimama na kushangaa. Simu ya Kornel ilikuwa na ramani, tena nzuri, lakini ilijua miji tu. Haikujua trekta lililomezwa na mkorosho. Haikujua jiwe la Mnero linalolia ukiligonga, wala nyumba ya mzee wa Likunja aliyejenga ukuta wa mbele kwa umbo la basi, akaweka taa, vioo vya pembeni na usukani wa kweli barazani. Hayo yalikuwa kichwani mwa watu wawili, Dionisia na Kornel, na mimi nilikaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni aliyekuja kuomba moto.

Miaka imepita tangu jioni zile. Goreti sasa yuko bweni, na mkeka wenyewe tunaanikia mihogo. Watu husema wivu hupoa na umri. Wangu haujapoa. Ulihama tu mahali ulipokuwa ukikaa, na kuhama kwake ndiko ninakotaka kukueleza.

Kornel ni mtoto wa mjomba wake Dionisia. Wakati ule alikuwa dereva wa watalii huko Arusha. Mwezi wa saba, ufuta umeshauzwa na shule zimefungwa, alikuja likizo na gari lake mwenyewe, Noah, akafikia chumba chetu cha nje. Wazo la safari lilikuwa lake. Alisema kule kaskazini anawachukua watu waliovuka bahari, anawasimamisha mbele ya jiwe, nao wanashuka, wanalipiga picha kila upande, kisha wanamshukuru machozi yakiwalengalenga. "Na sisi tuna mawe," alisema. "Tuna mawe mpaka ya kutupia mbwa. Ila hakuna anayetupeleka kuyaona."

Nilimpenda kwa maneno yale, kwa muda mfupi. Katika miaka yote ya ndoa yetu, mimi na Dionisia hatukuwahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda msibani. Niliitaka safari ile kuliko nilivyoonyesha. Nilitaka kumwona mke wangu akishuka garini mahali ambapo hakuna mtu anayelia, aangalie kitu cha ajabu, kisha ageuke na kunitafuta mimi ili tukiangalie wote.

Shida ilikuwa utani. Huku kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani kamili, na zamani wazee walipenda hata waoane ili mashamba yasitoke nje ya ukoo. Mtani ana ruhusa zake. Anaweza kukupokonya mnofu mkononi. Anaweza kuja kwenye msiba wenu, akashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Anaweza kumwita mke wako mke wake mbele za watu, na wewe mume unatakiwa ucheke. Ukikasirika umeshindwa, na faini yake ni jogoo. Mimi ni Mmakonde. Bibi yangu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa na baba yangu mgongoni, na sisi pia tuna watani wetu. Siwezi kusingizia kwamba sikuijua sheria. Niliijua vizuri, na niliichukia.

Basi Kornel akawa anamwita Dionisia "mke wangu" asubuhi, mchana na jioni. Mimi aliniita mlinzi. Alinishukuru kwamba mke wake hajakonda. Alinikumbusha nimfunike baridi isimpate. Yeye mwenyewe hakuwa ameoa, na kila aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba mke anaye, yuko Nachingwea, amewekeshwa kwa fundi mmoja wa baiskeli mpaka basi lifike.

Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu, maana habari ya basi ilijulikana Mnero nzima. Mwaka nilioposa, masika yalikuwa makali. Ilisemwa kwamba Kornel alikuwa njiani kuja kumposa Dionisia, basi likakwama kwenye tope siku kadhaa, na alipofika kijijini, viatu mkononi, alikuta posa yangu imeshapokelewa. "Mimi sikukataliwa," Kornel alikuwa akisema. "Mimi niliachwa na basi." Na Dionisia alikuwa akicheka na kukubali kwamba ni kweli, lawama zote ni za dereva.

Wenzangu walisikia kichekesho. Mimi nilisikia historia ya ndoa yangu. Kama tope lile lingekauka mapema, Dionisia angekuwa wa Kornel, na mimi ningebaki fundi wa kuziba pancha njiani. Nilikuwa nimepata mke kwa sababu gari la mtu mwingine liliharibikiwa. Wazo hilo lilikuwa halinitoki. Nilikuwa nikimwangalia mke wangu akipepeta ufuta, nikajiuliza kama mikono ile ilikuwa imeshazoea kunihudumia mimi au bado ilikuwa inasubiri kituoni.

Na safari ile ikaja kulikoroga. Kila korosho iliyowekwa mkekani ilikuwa na habari yake, na kila habari ilikuwa ya wao wawili. Jiwe la Mnero waliligonga utotoni mpaka wenzao wakatoka mafundisho ya komunyo mbio, wakidhani kengele ya saa sita imelia. Kwenye trekta, gauni la Dionisia lilinasa kwenye chuma, na Kornel akalinasua kwa meno. Niliuliza kwa nini hakutumia mikono. Walitazamana, wakacheka tu.

Ni Goreti aliyeona kwamba baba yake hajaweka kitu. Alinisukumia bakuli, akasema, "Baba na wewe weka ya kwako."

Nilichukua korosho moja nzima, isiyo na ufa. Niliishika muda, halafu nikaiweka juu ya ukili mwekundu, kati ya Nachingwea na Mnero. Nikasema ni kalavati, lile la bondeni, kabla hujaanza kupanda.

Kornel aliinama akaiangalia. Aliiangalia kuliko alivyoziangalia nyingine zote. Kisha akasema, "Shemeji, nimebeba watalii wa kila rangi. Hajatokea hata mmoja aliyeomba kuona kalavati." Akaiokota, akaimeza bila hata kuitafuna, na safari hii hakusema kama ina chumvi au haina. Dionisia alicheka. Hakucheka kwa kujishika ubavu, alicheka kidogo tu, kwa pua, akainamisha macho kwenye bakuli. Lakini alicheka, na kicheko kile kidogo kiliniumiza kuliko vyote vilivyotangulia.

Nilisimama. "Kula," nikamwambia Kornel. "Kazi yako ndiyo hiyo, kula vya wenzako."

Mama mkwe wangu, Mama Teodosia, alikuwa kwenye mlango wa jiko, ametupa mgongo kama heshima ya mkwe inavyotaka, na tulidhani hasikii. Alisema neno moja tu bila kugeuka. Alisema, "Jogoo."

Kesho yake alichinjwa jogoo wangu mwekundu, yule aliyekuwa akiniamsha. Kornel alikula paja lake mbele yangu, akalamba vidole na kunishukuru kwa jina la mlinzi. Nilitabasamu kama sheria inavyotaka. Sidhani kama niliwahi kumchukia mtu kwa kiasi kile huku nikimwongezea mchuzi.

Kalavati lile halina kitu cha kuona, hilo nakubali. Ni bomba la zege chini ya barabara na ukingo mfupi kila upande. Siku za ufundi wangu wa kuzunguka nilikuwa na baiskeli yangu na kisanduku cha zana nyuma, na kila Novemba nilifuata msimu wa korosho, maana ndio wakati baiskeli za wakulima zinapobebeshwa magunia mpaka zinalegea. Siku moja nilimkuta msichana amekaa juu ya ukingo. Gunia lake lilikuwa chini, cheni iliyokatika mapajani, mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye kiwiko. Hakuwa analia wala hakuonekana kusubiri msaada. Alikaa kama mtu aliye barazani kwao.

Nilitoa kiungo kibovu, nikaifupisha cheni, nikaigonga pini kwa jiwe juu ya zege mpaka ikaingia. Kipande cha zege kilimeguka kwenye ukingo. Aliuliza, "Itafika Mnero?" Nikasema itafika. Akapanda, akaondoka, hakugeuka nyuma. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Krismasi ikapita mimi hata jina lake silijui. Nililipata Februari kwa kuulizauliza kila mwenye baiskeli, tukaanza kusalimiana, na masika yalipochanganya nikatuma wazee. Mahali pangu katika nchi hii yote ni pale. Bibi yangu alikuja hapa na mtoto na jembe, hakuja na mlima wala jiwe lenye jina. Nilikuwa na kalavati, na Kornel alikuwa ameshalimeza.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, baridi ikiuma masikio. Dionisia alikaa mbele pembeni ya Kornel, kwa sababu akikaa nyuma ya gari hutapika. Ni kweli hutapika. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimshikia mfuko tulipokuwa tukienda misibani. Kujua hivyo hakukunisaidia kitu. Mimi na Goreti tulikaa nyuma na sufuria la wali, na kazi yangu njia nzima ilikuwa kuangalia visogo viwili.

Trekta lilikuwa zuri, siwezi kulikana. Waliolileta kuja kulima karanga waliondoka zamani, wakaliacha porini, na mkorosho ukaotea mahali pa dereva, ukapanuka, ukalinyanyua upande mmoja. Matairi hayapo, lakini mti umeshika usukani mpaka leo. Goreti alipanda, akadai anaendesha. Dionisia alimwonyesha chuma kilichonasa gauni lake. Kornel alionyesha meno yake. Nilizunguka upande wa pili nikajifanya nakagua injini.

Tulisimama pia mahali panapoitwa Stesheni, ingawa reli iling'olewa kabla sisi sote hatujazaliwa na limebaki tuta tu la udongo. Mama mmoja anauza vitumbua pale. Kornel alimuuliza treni linafika saa ngapi. Mama yule, bila kuinua macho kwenye mafuta, alimjibu kwamba lilishaondoka na lilibeba akili zake. Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi ya wote, nikanunua vitumbua vingi kuliko tulivyoweza kula.

Baada ya hapo barabara ilishuka bondeni. Nilianza kuliona kalavati kwa mbali, ukingo wake mweupe kwenye vumbi. Nilidhani labda mtu atasema kitu. Kornel alikanyaga mafuta. Tulipita kwa kasi ambayo hakuitumia mahali pengine popote siku ile, mawe yakigonga tumbo la gari, na Goreti akageuka kwenye kioo cha nyuma akasema, "Baba, kalavati lako hilo." Lilikuwa limeshafunikwa na vumbi. Dionisia alishika ukingo wa dirisha. Hakusema simama.

Sitaeleza sana habari ya jiwe. Lililia, na Goreti aliligonga mpaka mkono ukamchoka. Tulipita Ruangwa mjini tukajaza mafuta, tukafika Likunja kwenye Nyumba ya Basi. Mzee mwenye nyumba alitukaribisha kwa furaha. Alisema maisha yake yote alitamani basi, na alipoona uzee umemfika kabla ya basi, akaamua kujenga aliloweza. Mgeni yeyote anaruhusiwa kukaa barazani ashike usukani. Kornel alikaa, akamwita Dionisia akae nyuma yake kama abiria, na akatangaza kwa sauti kwamba leo basi limefika. Mzee alinipa mimi simu ya Kornel niwapige picha. Niliwapiga. Kichwa cha Kornel hakikuingia, na haikuwa bahati mbaya.

Mwisho wa safari ulikuwa Mbwemkuru. Wakati wa kiangazi mto unapungua ukabaki mchanga mpana, mweupe, na vidimbwi hapa na pale chini ya matete. Palikuwa na ubaridi na kimya kizuri. Dionisia alivua viatu, na nilipoona nyayo zake mchangani nikajikuta natamani kila mtu mwingine aondoke hapo. Goreti alikimbilia vidimbwini kutafuta samaki waliokwama. Rejeta ilikuwa imechemka, kwa hiyo Kornel akaomba maji, na mlinzi akabeba dumu.

Nilikwenda mbali kidogo, kwenye dimbwi safi. Wakati wa kurudi sikupita njia ya wazi. Nilipita nyuma ya matete, juu ya mchanga ambao haupigi kelele, na nilijua kabisa ninachokifanya. Nilikuwa nimechoka kucheka. Nilitaka nisikie wanachosema mtu akiwa hayupo, nione yale maneno ya "mke wangu, mke wangu" yanageuka nini yakikosa watazamaji.

Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha Noah, mlango wazi, nafasi ya mtu mzima kati yao. Hawakuwa wakicheka. Mwanzoni hawakuwa hata wakizungumza, na kimya kile kilinishtua kuliko kama ningewakuta wameshikana mikono. Kornel alikuwa akichota mchanga na kuumwaga.

"Basi lile lingewahi, Dionisia," alisema. Hakumwita "mke wangu". Alimtaja kwa jina, polepole, na kutoka kinywani mwake nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

"Kornel, basi lilikwama masika," Dionisia alisema. "Wewe uliniuliza Krismasi."

Kornel aliendelea kumwaga mchanga mpaka ukaisha mkononi. "Ukaniambia kuna fundi baiskeli."

"Nikakuambia."

"Na alikuwa hajakuambia kitu."

"Hajaniambia kitu," alisema mke wangu. "Alinitengenezea cheni tu."

Nilisimama na dumu likinivuta bega. Nilikuwa nimekuja kuiba siri ya watu, kumbe siri yenyewe ilikuwa yangu. Krismasi ile, mimi nikiwa kijiweni naulizia msichana ambaye hata jina lake silijui, yeye alikuwa ameshamkataa mtoto wa mjomba wake kwa ajili ya mtu aliyemwambia neno moja, itafika. Hapakuwa na tope lililonipa mke. Na Kornel alilijua hilo kabla yangu. Alijua kila aliposema ameachwa na basi, alijua alipolimeza kalavati bila kulitafuna, na alijua leo asubuhi alipokanyaga mafuta. Kumbe utani ule wote ulikuwa ndio mahali pekee alipoweza kusema ukweli wake kwa sauti, watu wakacheka, akarudi kulala.

Ningetaka kusema kwamba nilifurahi tu. Nilifurahi, ndiyo. Lakini palepale ukaja wivu mwingine, ambao sikuwa nao kabla. Miaka yote ile Dionisia aliiacha habari ya basi iendelee, akaicheka na kuithibitisha, ili Kornel asiaibike kwa watu kwamba alikataliwa. Alimfunika hata mbele yangu. Aliniacha nilale na basi lile kifuani, na neno moja tu lingenitosha. Nilimwonea Kornel wivu kwa kuhurumiwa kiasi kile, na namwonea mpaka leo.

Nilirudi nyuma hatua kadhaa. Nilipiga teke dumu, nikakohoa, nikaja kwa njia ya wazi nikipiga mluzi. Nilipofika kwenye kivuli niliweka maji chini, na nikasema kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisema tangu nioe.

"Mtani, vipi, mke wako amekula?"

Kornel aliinua uso. Alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa. Alinitazama, akatazama dumu, akatazama matete niliyotokea jirani yake, halafu kicheko chake kikaja, kikachelewa kidogo lakini kikaja. "Amekula, mlinzi," alisema. "Ila anasema wali wako hauna nazi." Dionisia hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi na kukunja uso, kama anapopima unga kwa jicho.

Tulikula, tukamtoa Goreti majini, tukageuza gari. Jua lilikuwa upande wa Kornel, akateremsha kikinga jua. Tulipita Likunja, tukapita Ruangwa, tukapita Mnero bila kushuka. Bonde lilipofunguka nilijiandaa kwa kasi. Kornel alipunguza mwendo. Alisogeza gari pembeni taratibu, akazima injini, akashika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele.

"Kalavati lako, shemeji," alisema.

Tulishuka watatu. Goreti alizunguka kingo zote mbili, akachungulia bombani, akauliza hapa kuna nini sasa. Mama yake alimwambia, "Hapa cheni ya baiskeli yangu ilikatika." Goreti akauliza ikawaje. Dionisia akasema, "Baba yako akapita."

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye ukingo wa kulia, natafuta pale zege lilipomeguka. Nilitafuta kwa vidole, nikafuta vumbi, nikaanza kudhani wametia saruji mpya. Dionisia alinipita nyuma, akavuka barabara kwenda ukingo wa kushoto, akaenda moja kwa moja bila kutafuta, akaweka kidole. Palikuwepo, pengo dogo la ukubwa wa korosho, limelainika kwa miaka. Nikasema nilidhani ni upande ule. Akasema kila akienda kwao huwa anapaangalia, na huwa ni upande huu.

Nilivuka barabara kumfuata. Nilisimama pembeni yake tukaangalia pengo lile, yeye na mimi.

Honi ililia mara moja, fupi. "Mlinzi," Kornel aliita bila kutoa kichwa nje. "Mlete mke wangu, jua linazama."

"Mke wako anakuja," nilijibu.

Dionisia aligeuka akanitazama, na safari hii nikajua amefahamu kwamba kule mtoni nilikuwa nyuma ya matete nikiwasikia. Alichukua ndimu kwenye mfuko wa vitumbua, akaipasua kwa kucha. Nilimfungulia mlango wa mbele kama asubuhi. Aliupita, akainama, akaingia nyuma, akakaa katikati yangu na Goreti, ndimu puani na macho amefumba, kama anavyofanya anapojua atatapika.

Kornel alitazama kioo cha juu, kisha akawasha gari. Hakuna aliyehamia kiti kile cha mbele, na kilibaki kitupu mpaka Nachingwea.